Usihesabu gia, hesabu mita: Siri ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya kukunja

Na Mwandishi Wetu

SWAIN'S Lane ni barabara nyembamba kaskazini mwa London. Inapanda kando ya makaburi ya Highgate, alikozikwa Karl Marx, na sehemu yake ya juu ina mwinuko unaozidi asilimia 15. Mtu aliyeshuka kwenye treni na baiskeli ya kukunja yenye gia 3 za kawaida hufika katikati ya mpando huo akiwa hana tena gia ya kushusha. Anasimama juu ya pedali, usukani unayumba, gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Mwisho anashuka na kusukuma.

Mwenzake mwenye baiskeli ya kiwanda kilekile, yenye magurudumu yaleyale ya inchi 16, anaweza kumpita akiwa ameketi kwenye kiti chake. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini miguu inazunguka bila kukwama. Hajamzidi nguvu. Kilichowatofautisha ni vyuma vilivyo katikati ya gurudumu la nyuma, ambavyo mmoja alivichagua kwa hesabu na mwingine aliviacha kwa muuzaji.

Jambo hili si dogo kwa anayeitegemea baiskeli kufika kazini. Katika treni nyingi za London, baiskeli isiyokunjwa huzuiwa saa za msongamano, ilhali iliyokunjwa inaruhusiwa. Ndiyo maana wafanyakazi wengi hununua baiskeli za aina hii, tena kwa bei kubwa. Anayekosea kuchagua gia hupata mashine nzuri inayokaa nyuma ya mlango, kwa sababu kila safari inaishia na magoti yanayouma.

Gurudumu dogo, hesabu nyingine

Tuanze na jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi dukani. Gurudumu la baiskeli kubwa ya mjini, pamoja na tairi lake, husafiri takriban mita 2.1 kila linapozunguka mara moja. Gurudumu la inchi 16 la Brompton, baiskeli ya kukunja maarufu kuliko zote Uingereza, husafiri takriban mita 1.32 tu.

Chukua sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika mnyororo, ya mbele yenye meno 44 na ya nyuma yenye meno 16. Kwenye baiskeli kubwa, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 5.8. Kwenye gurudumu dogo, meno yaleyale yanakupeleka mita 3.6. Utazungusha miguu kwa kasi na bado magari ya mjini yatakuacha mbali.

Ili kurudi kwenye mita 5.8 kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukuza sproketi ya mbele hadi meno 70, jambo lisilowezekana kwenye baiskeli inayotakiwa kukunjwa na kubebwa mkononi. Ya pili ni kupunguza ya nyuma hadi meno 10. Watengenezaji wengi huchanganya njia zote mbili: mbele meno 50 au zaidi, nyuma 11, 12 au 13.

Hapo ndipo mzigo wote unapohamia nyuma. Sproketi ya meno 11 hulazimisha kila kiungo cha mnyororo kujipinda nyuzi 33 kinapoingia, wakati ya meno 16 hukipinda nyuzi 22 na nusu. Meno machache ndiyo yanayobeba nguvu yote ya miguu, na sproketi yenyewe huzunguka mara 758 kwa kila kilomita, badala ya mara 476 za gurudumu kubwa. Inalika mapema, na mnyororo unalika pamoja nayo.

> Sproketi ya nyuma ya baiskeli ndogo huzunguka mara 758 kwa kila kilomita. Ya baiskeli kubwa huzunguka mara 476.

Kutoka Moulton hadi Greenford

Mjadala huu una zaidi ya miaka 60. Mwaka 1962 mhandisi Alex Moulton, ambaye pia alibuni springi za mpira za gari la Mini, alileta sokoni baiskeli ya magurudumu ya inchi 16. Haikuwa ya kukunja, lakini ilithibitisha kwamba gurudumu dogo linaweza kwenda kasi likipewa gia zinazolifaa.

Katikati ya miaka ya 1970, Andrew Ritchie alianza kutengeneza baiskeli ya kukunja katika nyumba yake ya ghorofani huko South Kensington, ng'ambo ya kanisa la Brompton Oratory. Kutoka hapo likaja jina la Brompton. Leo kiwanda kipo Greenford, magharibi mwa London.

Kwa gia, Brompton ilitegemea habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake, ya gia 3 ya Sturmey-Archer, kampuni ya Nottingham iliyokuwa chini ya mwavuli wa Raleigh, jina ambalo wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Habu yake mashuhuri, AW, ilitoka mwaka 1936. Ina gia tatu: ya kati inayozungusha gurudumu sawasawa na sproketi, ya chini inayotoa robo tatu ya mwendo huo, na ya juu inayoongeza theluthi moja.

Marekani nako, David Hon alianzisha Dahon mwaka 1982, na mwaka 1992 Bike Friday ikaanza huko Eugene, Oregon. Hawa walielekea zaidi kwenye magurudumu ya inchi 20 na gia za nje, zile za sproketi kadhaa zilizopangwa pembeni mwa gurudumu na mkono unaohamisha mnyororo kutoka moja hadi nyingine.

Tangu hapo kuna kambi mbili, na kila moja ina hoja nzito.

Hoja za gia za ndani

Kambi ya kwanza inasema kwamba mjini hakuna kinachoishinda habu yenye gia ndani yake. Hoja yao kubwa ni taa za barabarani. Umesimama ghafla ukiwa kwenye gia ya juu. Kwenye habu unashusha gia ukiwa umesimama vilevile, taa ikiwa kijani unaondoka kwa wepesi. Kwenye gia za nje mnyororo hauhami mpaka pedali izunguke, kwa hiyo unaondoka na gia nzito mbele ya basi linalonguruma mgongoni.

Hoja ya pili ni usafi na usalama wa vyuma. Gia zimefungiwa ndani ya grisi, mnyororo umenyooka, na hakuna mkono unaoning'inia kugongwa na mlango wa treni. Baiskeli inayokunjwa mara kadhaa kwa siku na kusukumwa chini ya kiti hufaidika sana na hilo.

Hoja ya tatu haisemwi mara nyingi, nayo ni ya kifizikia. Gurudumu dogo ni rafiki wa habu. Nguvu ileile ya kuisukuma baiskeli barabarani hudai msokoto mdogo kwenye ekseli, kwa kuwa nusu kipenyo cha gurudumu ni kifupi. Vigia vya ndani ambavyo kwenye baiskeli kubwa hukaribia mwisho wa uwezo wao, kwenye ndogo hufanya kazi kwa nafasi.

Lakini habu ina tabia zake, na AW ya zamani ni mfano mzuri. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo haishiki chochote. Waya ukilegea, pedali huporomoka bure chini ya mguu, na aliyekuwa amesimama juu yake anaweza kuanguka vibaya.

Kinga yake ni kazi ya dakika moja. Weka gia ya pili. Inama upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, utazame ndani ya kitundu kilicho kwenye nati ya ekseli. Utaona kijiti chembamba kilichounganishwa na kicheni kidogo cha waya wa gia. Ncha ya kijiti hicho iwe sawa kabisa na mwisho wa ekseli. Ikiwa imezama ndani, waya umelegea. Ikiwa imetokeza nje, waya umekaza kupita kiasi. Zungusha kirekebishi cha waya taratibu mpaka vilingane, kisha kaza nati yake ndogo. Mtu yeyote mwenye macho na vidole anaweza kuifanya.

Pancha ya nyuma ndiyo adhabu ya kambi hii. Kwenye Brompton unahitaji spana ya milimita 15, unafungua kicheni cha gia, unaondoa kikaza mnyororo, kisha nati na washa za kuzuia ekseli isigeuke. Kila kimoja lazima kirudi mahali pake.

Hoja za gia za nje

Kambi ya pili inajibu kwa uzito na bei. Sproketi saba au nane na mkono wa kuhamisha mnyororo ni vyepesi kuliko habu zenye gia nyingi, vinapoteza nguvu kidogo vikiwa safi, na ni vyuma ambavyo karibu kila fundi duniani anavijua. Hatua kati ya gia na gia ni fupi, kwa hiyo miguu haishtuki. Kwenye AW, kutoka ya pili kwenda ya tatu ni kuruka theluthi nzima kwa mkupuo mmoja.

Kwa magurudumu ya inchi 20 hoja hiyo ina nguvu. Sproketi ya mbele ya meno 52 na za nyuma kuanzia 11 hadi 32 zinatosheleza milima na tambarare, na mwenye baiskeli anaweza kubadilisha sproketi za nyuma bila kugusa sehemu nyingine.

Tatizo ni gurudumu la inchi 16. Ekseli yake iko karibu na ardhi. Mkono mrefu wa gia, ule unaohitajika kwa sproketi kubwa za milimani, hushuka mpaka vidole vichache juu ya lami. Jiwe moja au ukingo wa barabara unaweza kuupinda. Baiskeli ikikunjwa, mnyororo unalegea na mkono huo huo ndio unaotafuta pa kujificha.

Kikwazo kingine ni upana. Nafasi ya habu kwenye fremu ya nyuma ya Brompton ya kawaida ni kama milimita 112, wakati habu nyingi za baiskeli kubwa zilitengenezwa kwa milimita 130 au 135. Ufinyu huo ndio unaoifanya ikunjike ikawa ndogo kiasi kile, na ndio unaoyafunga malango kwa vipuri vingi vya kawaida.

Kampuni ya Shimano iliwahi kulitazama tatizo la meno machache ana kwa ana. Seti yake ya Capreo, iliyobuniwa kwa ajili ya magurudumu madogo, ilianzia sproketi ya meno 9 na kuishia 26. Ilihitaji habu yake maalumu, na haitengenezwi tena.

> Ufinyu unaoifanya baiskeli ikunjike vizuri ndio unaoifungia milango ya vipuri vya kawaida.

Njia ya kati

Wengine wamechukua ndani na nje kwa pamoja. Mwaka 2009 Brompton ilianza kutumia habu ya gia 3 yenye hatua pana, iliyotengenezwa na Sturmey-Archer kwa ajili yake. Gia yake ya chini ni asilimia 64 ya ile ya kati, na ya juu ni asilimia 157. Ukiongeza sproketi mbili nje, ya meno 13 na ya meno 16, unapata gia sita zilizopangika vizuri.

Bike Friday na Dahon walitumia habu ya gia 3 iliyobeba sproketi kadhaa nje, iliyojulikana kama DualDrive ya kampuni ya SRAM. Kwa mpango huo mtu anashuka gia kwa hatua ndefu akiwa amesimama, kisha anarekebisha kwa hatua fupi akiwa mwendoni.

Brompton yenyewe imeendelea kupanua uchaguzi. Mwaka 2022 ilileta P Line yenye gia nne za nje, meno 11, 13, 15 na 18, kwa wanaotaka wepesi. Mwaka 2024 ikaja G Line ya magurudumu ya inchi 20 na habu ya Shimano Alfine yenye gia nane, ambayo gia yake ya juu ni mara tatu ya ile ya chini.

Anayetaka zaidi ya hapo, na mwenye fedha, ipo Rohloff ya Ujerumani. Habu hiyo ya gia 14 ilitoka mwaka 1998. Hatua zake zote zinalingana na gia ya juu ni zaidi ya mara tano ya gia ya chini. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila kwa anayekwenda kilomita tano za tambarare ni fedha iliyolala bure.

Nani atakuuzia kipuri baada ya miaka kumi?

Historia inatoa onyo. Mwaka 2000 Sturmey-Archer ya Nottingham ilianguka. Mali na jina lake vilinunuliwa na SunRace ya Taiwan, na utengenezaji ukahamia huko. Brompton ililazimika kutafuta habu kwingine kwa muda. Aliyekuwa na AW hakupata shida kubwa, kwa kuwa habu hizo zilikuwa zimesambaa duniani kwa makumi ya miaka na vipuri vyake vilikuwa vingi. Waliochagua vyuma adimu ndio huumia watengenezaji wanapofunga kazi, kama ilivyotokea SRAM ilipoacha kutengeneza habu za gia za ndani, DualDrive ikiwemo.

Suala hili linatugusa moja kwa moja Afrika Mashariki. Kwenye baiskeli za mtumba zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani na Ulaya, zimo za magurudumu madogo na za kukunja. Mnunuzi huvutiwa na rangi na bei. Akifika kwa fundi kijiweni na habu iliyokwama, mara nyingi dawa inayopatikana ni kuing'oa na kuweka gurudumu la friwili moja.

Hatupaswi kumlaumu fundi kwa hilo. Hana kipuri, na hakuna aliyempa kitabu. Kwa mnunuzi wa huku, gia za nje za sproketi sita au saba, zenye friwili ya kusokota inayouzwa kila mahali, mara nyingi ni chaguo la busara kuliko habu nzuri isiyo na mwenyewe. Na mkazi wa mji tambarare wa pwani, anayekwenda sokoni na kurudi, anaweza kuridhika kabisa na gia moja iliyopigiwa hesabu vizuri.

Anza na mlima wako

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa gurudumu, na kama kuna habu zidisha tena kwa kiwango cha gia husika. Unapata mita unazosafiri kwa mzunguko mmoja wa pedali. Madereva wa bodaboda wanaijua busara hii: anayebeba mizigo milimani hubadilisha sproketi kabla hajailaumu injini.

Tuipime Brompton kwa njia hiyo. Gia 3 za habu ya zamani ya AW, mbele meno 50 na nyuma 13, gia ya chini inatoa takriban mita 3.8. Habu ya hatua pana kwa meno hayohayo inatoa mita 3.2. Gia sita, ukitumia sproketi ya nyuma ya meno 16, inashuka hadi mita 2.6. Badilisha ya mbele iwe ya meno 44, unafika mita 2.3.

Sasa ipandishe kwenye mwinuko wa asilimia 10. Mwendeshaji, baiskeli na begi vina jumla ya kilo 92, pedali zinazunguka mara 60 kwa dakika. Bila kuhesabu msuguano, mita 3.8 zinadai takriban wati 340. Mita 3.2 zinadai 290, mita 2.6 zinadai 240, na mita 2.3 zinadai 210. Mlima ni uleule na mtu ni yuleyule. Wati 340 ni kazi ya mwanariadha. 210 ni kazi ngumu ambayo mtu mwenye afya anaweza kuivumilia dakika chache na kufika juu.

> Kwa mlima uleule, gia ya chini ya zamani inadai wati 340. Iliyochaguliwa vizuri inadai 210.

Kwa upande wa juu wengi hununua wasichohitaji. Gia ya mita 8 kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika ni kilomita 38 kwa saa. Ni watu wachache mno wanaokwenda kazini kwa mwendo huo juu ya magurudumu ya inchi 16. Ikilazimu kuachia kimoja, achia cha juu. Mteremko utakushusha wenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua ni huu. Kwanza mlima mkali kuliko yote katika njia yako, na mzigo utakaobeba. Pili mita za gia ya chini utakazohitaji. Tatu, baiskeli itakunjwa mara ngapi kwa siku: ikiwa ni mara nyingi, elekea kwenye gia za ndani; ikiwa ni mara chache na magurudumu ni ya inchi 20, gia za nje zinafaa. Nne, fundi wako ana vipuri gani. Idadi ya gia ije mwisho, kwa sababu gia sita zilizopangwa vizuri humfikisha mtu mbali kuliko nane zinazorudiana.

Wauzaji nao wana deni. Kwenye kibao cha bei huandikwa "gia 7" au "gia 8", na mteja huondoka akidhani ameambiwa kitu. Namba mbili tu zingemtosha: mita za gia ya chini kabisa na mita za gia ya juu kabisa. Haziongezi gharama ya kutengeneza, zinakaa kwenye karatasi ndogo, na zingewaokoa watu wazima, wenye magoti mabovu na wabeba mizigo wasipoteze fedha zao. Mpaka duka litakapoziandika, mnunuzi aende na kalamu, ainame, ahesabu meno mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.